Mtoto anapimwa uzito kila mwezi, mimi hakuna anayeniuliza

BARUA

Dada mshauri, shikamoo.

Ninaandika saa 8 usiku. Mtoto amelala, mimi sijalala. Nina miaka 27, naishi Tanga mjini, na huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza, wa kike, ana wiki 9. Nilijifungua kwa njia ya kawaida ila damu ilitoka nyingi na nilishonwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha tatu, hivyo aliyekuja kunilea uzazi ni mama mkwe, kutoka Pangani.

Siku za arobaini zilikwenda vizuri, kwa nje angalau. Nilikandwa maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga haukukosekana, sikushika ufagio. Nilikuwa nalia, lakini kila aliyeniona alisema mzazi hulia, itapita. Arobaini ikatimia, watu wakala pilau, wakaaga. Haikupita. Ndiyo kwanza ikaanza.

Silali hata mtoto akilala. Moyo unanienda mbio kama niliyekimbizwa. Chakula nakitafuna kama karatasi. Mtoto akilia, kuna wakati najikuta nimesimama namtazama tu, mpaka mama mkwe aje ambebe. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nikiwa namwogesha, inanijia picha kichwani kwamba nimemwachia ndani ya beseni. Sitaki! Nikimaliza natetemeka. Sasa namwomba wifi yangu amwogeshe, na kisu cha jikoni nimekificha juu ya kabati. Siku mbili hizi nimewaza pia kwamba ningelala nisiamke, wangepumzika wote. Sina mpango wa kujidhuru. Nakuandikia ili ujue nilipofika.

Usidhani sijatafuta msaada. Kliniki ya wiki 6 mtoto alipimwa uzito, akachomwa sindano, mimi nikaulizwa kuhusu uzazi wa mpango. Nilipoanza kusema, muuguzi akaniambia, "Mama, jikaze, unalea." Nyuma yangu kulikuwa na foleni hadi mlangoni. Nikaenda zahanati, nikapimwa malaria na UTI, hamna kitu, nikapewa Panadol na vitamini. Mara ya tatu nikaenda kwa kulipia. Tabibu akanisikiliza dakika tano, akasema ni sonona, akaniandikia fluoxetine ya miligramu 20, vidonge 30, nirudi baada ya mwezi. Dukani aliyeniuzia akaniuliza kama nanyonyesha. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usivimeze mpaka umwachishe." Leo siku ya kumi viko kwenye mkoba.

Mama mkwe si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Lakini mtoto alizaliwa na kilo 3.1, wiki ya 6 akawa 4.2, na juzi, siku 17 baadaye, ni 4.3 tu. Majirani wanasema amebemendwa, kwa sababu mume wangu alikuja nyumbani siku tano baada ya arobaini. Mama mkwe anasema maziwa yangu yameharibika na mimi nimechezewa. Anataka twende Pangani, mtoto aanzishiwe uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe, mimi nifanyiwe kisomo.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Lubumbashi, safari moja ni wiki tatu au zaidi. Nimemrekodia ujumbe wa sauti mara tatu, mara tatu nimeufuta. Naogopa ataniona kichaa. Naogopa zaidi kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtoto kunyang'anywa. Halafu kuna kazi. Mimi ni keshia, likizo ilianza siku tatu kabla ya kujifungua, zimebaki siku 18 nirudi.

Nimeze dawa au ninyonyeshe? Niende Pangani au nibaki? Nimwambie mume wangu au nimalizane nalo mwenyewe?

Mama Mwali, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Niruhusu nianzie pale ulipopita haraka, kwenye kulala usiamke. Umefanya vema kuliandika. Kuchoka kiasi cha kutamani usingizi usio na mwisho na kupanga kujiua ni mambo mawili, na wewe umeyatenganisha mwenyewe. Ila la kwanza linaweza kusogea kuelekea la pili bila kupiga hodi. Siku ukijikuta unawaza namna, mahali au saa, au unaaga watu kimoyomoyo, hapo hatungoji kliniki wala hatungoji mume ashuke kwenye lori. Ni kumwamsha mama mkwe na kwenda mapokezi ya dharura usiku huohuo. Kwa mtu wa Tanga mjini hiyo ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo, unaweza kuipiga kuuliza uende wapi. Na vidonge vyote vilivyomo nyumbani, pamoja na hivyo vya mkobani, vikae kwa mtu mwingine, awe anakutolea kimoja kimoja. Akikuuliza sababu, mwambie daktari hapendi mzazi akae na dawa nyingi. Sidhani kuna daktari atakayekukana.

Sasa picha ya beseni. Hili ndilo linalowafunga kina mama midomo kuliko jingine lolote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mawazo ya namna hiyo, mtoto kuanguka, kuzama, kukatwa, huwajia wazazi wengi sana wa watoto wachanga, hata walio wazima kabisa. Mwenye sonona au wasiwasi uliopitiliza huyapata kwa wingi zaidi na hushindwa kuyapuuza. Tazama ulivyofanya yalipokujia: ulitetemeka, ukaficha kisu, ukamwita wifi. Akili yako inaliona wazo hilo kama adui. Mama anayeugua kile watu wanachokiita kichaa cha uzazi huwa katika hali nyingine. Anaweza kusikia sauti ya mtu asiyeonekana ikimwamuru, au kuamini kabisa kwamba mtoto si wake, amebadilishwa, ni shetani, au ni lazima afe ili aokolewe. Anaweza kukesha siku mbili tatu bila kuchoka, anaongea mfululizo, leo ana furaha ya ajabu na kesho amechanganyikiwa hajui yuko wapi. Hupata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura ya saa hiyohiyo kama ilivyo kifafa cha mimba, ingawa majina hayo mawili watu huyachanganya. Katika barua yako sioni dalili hizo. Lakini nimesoma barua tu, sijakuona. Jiulize kwa ukweli: kuna sauti? Kuna siku uliamini kwamba kumdhuru ni kumsaidia? Kama jibu ni ndiyo hata mara moja, rudi kwenye aya yangu ya kwanza.

Kama jibu ni hapana, kumkabidhi wifi kazi yote ya kuogesha kuna bei yake. Leo ni beseni, kesho ni jikoni, keshokutwa unaogopa kumbeba, na kila unapokwepa hofu inajifunza kwamba ilikuwa na haki. Baadhi ya kina mama huona nafuu wakiogesha wenyewe, maji kidogo ya kufunika miguu tu, wifi akiwa amekaa pembeni bila kushika kitu. Wengine hawawezi mpaka matibabu yaanze kushika. Wewe ndiye unayejua uko upande gani.

Uliambiwa mzazi hulia. Ni kweli, ila lina tarehe zake. Machozi ya uzazi huanza siku ya pili au ya tatu, hupanda karibu na siku ya tano, na hukauka ndani ya wiki mbili. Yanayovuka hapo yanastahili jina lingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, kati ya wanawake 100 waliojifungua karibu 20 wanasumbuliwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kati ya wajawazito 100 ni karibu 16. Kwenye foleni ile iliyofika mlangoni hukuwa peke yako. Na mila yetu ya arobaini, ambayo mimi naiheshimu sana, ina kasoro moja: inamzunguka mama kwa watu na maji ya moto siku ambazo kila kitu bado ni kipya, kisha inamwachia nyumba nzima kwa siku moja, wakati usingizi uliopotea umeshakuwa deni kubwa. Hukulegea baada ya arobaini. Uliondolewa nguzo.

Kuhusu dawa, umeniuliza umeze au unyonyeshe, na mtu wa dukani ndiye aliyelijenga swali hivyo. Si lazima ubaki ndani yake. Dawa za sonona hupenya kwenye maziwa, lakini zinatofautiana kiasi. Sertraline hupita kidogo sana, na ndiyo madaktari wengi huanza nayo kwa mama anayenyonyesha, kwa kawaida miligramu 25 siku chache za mwanzo, kisha 50. Fluoxetine uliyopewa hupita zaidi na hukaa mwilini muda mrefu. Haijakatazwa, na mama aliyewahi kupona kwa hiyo kabla ya mimba mara nyingi huachwa nayo. Ila mambo ya kumwangalia mtoto mama anapoitumia ni kulialia, usingizi, kunyonya na uzito, na mtoto wako uzito tayari unasuasua. Ukiianza leo na uzito ukazidi kugoma, hakuna atakayejua ni dawa au ni kile kilichokuwepo. Hiyo ni sababu nzuri ya kurudi na kuuliza, "Nanyonyesha, na uzito wa mtoto haupandi, je, sertraline inapatikana?" Pengine jibu litakuwa haipo au ni ghali. Amitriptyline, ambayo inapatikana kwa wingi zaidi, nayo hupita kidogo kwenye maziwa, lakini inaleta usingizi mzito, na mama aliyelala fofofo kitanda kimoja na kichanga ni hatari nyingine. Akiandikiwa hiyo, mtoto alale pembeni kwenye sehemu yake, na mtu mwingine awe macho kwa zamu ya usiku.

Kabla ya dawa yoyote kati ya hizo, daktari anapaswa kukuuliza jambo ambalo dakika tano hazitoshi: umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ambacho ulilala saa mbili tatu tu na bado ukawa na nguvu nyingi, maneno mengi, matumizi ya fedha yasiyo ya kawaida? Kuna ndugu wa damu aliyewahi? Kwa watu hao dawa ya sonona peke yake inaweza kuwageuza upande wa pili, wa nguvu hizo zilizopitiliza. Asipokuuliza, mwambie mwenyewe.

Na ukianza, kuna sehemu ambapo wengi hukwama. Wiki ya kwanza ni madhara bila faida: kichefuchefu, kichwa, tumbo kulegea, pengine wasiwasi kuongezeka kidogo. Nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na kamili inaweza kuchukua wiki sita. Ndiyo maana kuna wanaoacha siku ya tano wakisema imewazidishia, kuna wanaomeza siku wanazojisikia vibaya tu kama Panadol, na kuna wanaoacha mwezi wa pili kwa kuwa wamepona, ugonjwa ukarudi mwezi wa tatu. Hunywewa kila siku, asubuhi baada ya kula kama inakukosesha usingizi, na huendelezwa miezi 6 au zaidi baada ya kujisikia mzima, kisha hupunguzwa polepole na aliyekuandikia. Na kukupa vidonge 30 bila kukuona tena kwa mwezi mzima, wakati unawaza kufa, ni muda mrefu. Omba kurudi baada ya wiki moja au mbili.

Kutotumia dawa nako ni uamuzi wenye hatari zake, na hatari hizo zinamgusa mtoto pia: mama asiyelala wala kula, anayesimama akitazama mtoto akilia, maziwa yanapungua kwa kukosa kunyonywa. Upo pia msaada wa mazungumzo. Pakistan walifundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, kukaa na wajawazito wenye sonona na kuwatembelea mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mtoto anakaribia mwaka. Matokeo yalitoka mwaka 2008: mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100, na kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa 53. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaufanya mwongozo. Nakutajia ili usidhani aliyekosa daktari bingwa amekosa kila kitu. Kwa sonona nyepesi mazungumzo yanaweza kutosha. Kwa unayoyaeleza wewe, wengi huhitaji vyote viwili, na hilo la kuamua si langu.

Kuna kipimo ambacho sikukiona kwenye barua, na kimenishangaza. Ulitoka damu nyingi. Ulipimwa malaria, ulipimwa mkojo. Nani alipima wingi wa damu? Upungufu wa damu humfanya mtu achoke, moyo umwende mbio, chakula kisimpendeze, na unaweza kupunguza maziwa. Kwa mama anayenyonyesha, chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni upungufu. Kipimo ni cha tone moja na hata vituo vingi vidogo wanacho. Cha pili ni tezi ya shingo, ambayo kwa baadhi ya wanawake huvurugika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua na kuleta mapigo ya mbio na kukosa usingizi. Hicho hufanyika kwenye maabara kubwa. Vipimo hivi havifuti sonona, mtu anaweza kuwa na vyote, lakini si haki utibiwe sonona kwa tatizo la damu.

Tuje kwa mtoto na neno hilo la kubemendwa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala mume kuja nyumbani siku tano hakumdhoofishi mtoto. Lakini wanaosema hivyo wameona kitu cha kweli, na tusiwadharau kwa kukosea sababu. Mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Wako ameongeza 100 kwa siku 17. Ni kidogo, na kunahitaji kuangaliwa hata kama wewe ungekuwa unacheka kutwa. Hesabu siku moja tu: amenyonya mara ngapi kwa saa 24? Zikipungua 8, hapo pana jibu. Nepi zilizolowa zikiwa chini ya 6, jibu lingine. Aanze titi moja alimalize ndipo apewe la pili. Muuguzi akuangalie ukinyonyesha, aone kama ameshika sehemu nyeusi ya titi au chuchu tu. Uji na maziwa ya ng'ombe katika wiki ya 9 vitajaza tumbo, vitapunguza kunyonya, na maziwa yatapungua kweli, kisha itaonekana bibi alikuwa na haki. Akiwa mlegevu, anakataa kunyonya au ana homa, apelekwe siku hiyohiyo.

Pangani yenyewe siwezi kukuambia usiende. Kuwa na watu wengi wa kubeba mtoto ni dawa, na dua ina nafasi yake. Nafikiria zaidi masharti. Kisomo kinachokuacha ule, ulale, unyonyeshe na uendelee na matibabu hakigombani na hospitali. Kinachodai ufunge, ufukizwe, upigwe, utengwe na mtoto au uache dawa, hicho kinagombana. Na kuna suala la umbali: ukizidiwa huko usiku, nani ana usafiri, na kituo cha karibu ni kipi? Pengine mama mkwe anaweza kukubali kitu cha katikati, kisomo kifanyike hapohapo Tanga baada ya kliniki ya Alhamisi au siku yoyote mliyopangiwa. Mwombe pia kitu kimoja anachokiweza kuliko daktari: akae na mtoto kuanzia saa 3 usiku hadi saa 8, ili wewe ulale saa tano bila kuamshwa. Maziwa unayakamua kwa mkono kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko. Kwa joto la Tanga yasizidi saa 4 nje ya friji. Anyweshwe kwa kikombe, si chupa. Mwanamke aliyekukanda siku 40 hatashindwa usiku wa wiki mbili, ila huenda hajui kwamba kwenye usingizi ndipo ugonjwa wenyewe unapojificha.

Sasa namna ya kusema kliniki, maana mtoto anafikisha wiki 10 na utarudi huko kwa sindano. Siwatetei waliokuambia ujikaze. Lakini angalia maneno yanavyofanya kazi ndani ya foleni. Ukisema "nimechoka", muuguzi anasikia kile anachokisikia kwa kila mama, anajibu anachojibu kila siku. Jaribu: "Wiki tatu sasa silali hata mtoto akilala, na ninawaza kufa. Naomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili." Neno kufa linambana mhudumu asilipite. Ukiona aibu kulitamka mbele ya watu, liandike kwenye karatasi uiweke ndani ya kadi ya mtoto, uikabidhi pamoja na kadi. Fika foleni inapokwisha, kama saa 5 au 6 mchana, na ukikwama muulize muuguzi mfawidhi. Halmashauri huwa na mratibu wa afya ya akili, uliza jina lake na siku za kliniki yake, kwa kuwa sehemu nyingi si kila siku. Rufaa iwe ya maandishi. Nenda na mtu.

Huko wanaweza kukupa maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, yanayouliza kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umeogopa bila sababu, umekosa usingizi kwa huzuni. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Kuanzia 10 watataka kuzungumza zaidi, kuanzia 13 uwezekano wa sonona ni mkubwa, na la kumi, la kujidhuru, likijibiwa chochote zaidi ya "kamwe" linazungumzwa palepale hata jumla ikiwa ndogo. Usipunguze alama ili uonekane mama mwema. Wengi hufanya hivyo.

Mirembe imekuwa jina la kutishia watu tangu tuko wadogo. Ipo Dodoma, na mama mwenye sonona kwa kawaida hutibiwa kwa kwenda na kurudi, akilala kwake na mtoto wake. Kuhusu kunyang'anywa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahusika na mtoto anayedhuriwa au aliye hatarini kudhuriwa. Kwenda kutibiwa si kumdhuru. Uwezekano wa mtu mwenye maneno ya ovyo kukuita kichaa upo, hilo sitakudanganya, na ndiyo sababu unachagua wa kumwambia.

Kazini kuna njia zaidi ya mbili pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Walio na chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida hawamo. Unaweza kumwomba daktari aandike kwenye ED, yaani cheti cha kupumzika kazi, muda wa mapumziko bila kufafanua ugonjwa, baadhi hukubali. Ukirudi, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kuna mama ambaye kurudi kazini humpa hewa, kuna ambaye humvunja. Keshia asiyelala anakosea hesabu, na upungufu wa droo unaweza kukatwa kwenye mshahara wake. Siku 18 zinatosha kuona dalili za mwanzo za matibabu kama yataanza wiki hii. Yakianza wiki ijayo, hazitoshi.

Nimebakiza mume wako. Unahofia atakuona kichaa, lakini kwa sasa anachokiona ni mke asiyepokea simu vizuri na mama yake anayezungumzia kuchezewa. Ujumbe uliofuta nadhani ulikuwa mrefu, ukijaribu kueleza kila kitu, na mwishoni ukajisikia mwenyewe ukilia. Usimweleze beseni kama hujawa tayari. Sentensi tatu zinatosha, na umtumie saa ambayo unajua amepaki Tunduma au Kasumbalesa anasubiri foleni ya mpaka, si akiwa kwenye usukani: "Naumwa tangu arobaini, daktari amesema ni sonona. Alhamisi nakwenda hospitali kuulizia dawa inayofaa kunyonyeshea. Naomba umpigie mama umwambie anisindikize."